Mama wa Mchele Mbichi

Miezi ya mwanzo ya kujibu maswali ya afya mtandaoni, nilikuwa nafungua simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mimi ni muuguzi hapa Ifakara. Wenzangu walipoanzisha ukurasa wa afya, walinipa maswali ya watu waliokosana na chakula: wanaojinyima, wanaokula kwa kujificha, wanaojitapisha. Nilijiandaa kwa hao.

Halafu akaniandikia mama mmoja wa Katindiuka, kibarua wa kupepeta mchele mashineni. Alianza na shikamoo daktari, kisha akaeleza kwamba anatafuna mchele mbichi kutwa. Anaubeba mfukoni, anauficha hata chini ya mto. Chakula kilichopikwa hakimvutii tena, meno yanamuuma, na mumewe hajui. Aliuliza kama amerogwa.

Niliinuka kitini. Nilimhurumia, lakini pia nilisisimka, maana nilijua pa kuanzia. Nikamjibu kwamba mimi ni muuguzi tu, kwamba hajarogwa wala si mlafi, na kwamba hamu ya namna hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Nikamwomba aende zahanati akapime wingi wa damu, na asimfiche mhudumu habari ya mchele.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, mashine ikinguruma nyuma yake. "Kumbe ni ugonjwa, dada? Basi naenda leo."

Alikwenda kweli. Damu ilikuwa chini. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Mumewe alipoambiwa hakumcheka. Alianza kumletea maini na dagaa. Hamu haikukatika mara moja. Kuna siku aliandika kwamba ameshindwa, nikamwambia aendelee tu na dawa.

Asubuhi moja nikiwa sokoni, ikaingia sauti yake: "Dada, jana nimepepeta mpaka jioni, sijatia hata punje mdomoni. Halafu nimekula ugali nikaongeza."

Nilicheka peke yangu mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nimechumbiwa.

Mama yule aliniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Nilipoiweka ukurasani, simu haikutulia. Mmoja wa Sanje anakula udongo wa ukutani, mwingine ni dereva wa bodaboda anayetapika kila akishiba. Nikasahau mboga jikoni. Nikavuta kiti, nikaanza na yule wa Sanje.