Chumba cha mtoto nilichokitengeneza nikidai ni banda la sungura

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamoo.

Kuna member hapa jukwaani aliuliza wiki iliyopita jinsi ya kupamba chumba cha mtoto mchanga mwenyewe bila kuita mtaalamu. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake, nikaona jibu linakuwa refu kama barabara ya kwenda Murongo. Basi nimefungua uzi wangu. Yote nitakayoandika yametokea ndani ya nyumba yangu, na shahidi yupo hapa ubavuni ananyonya.

Kidogo background ili tuende pamoja.

Mimi ni mtumishi wa umma hapa Rubwera, kwetu ni Muleba. Mke wangu Advera ni Mnyambo wa Rugu, fundi cherehani, ana fremu yake hapahapa mjini. Tumejenga kanyumba ketu, migomba mbele, kahawa kidogo nyuma. Maisha ya kawaida tu.

Mimba yetu ya kwanza nilikuwa na kiherehere, wakuu. Nilikwenda madukani Omurushaka nikarudi na kila kitu. Nguo, chandarua, shali, beseni la bluu la kumuogeshea mtoto.

Mtoto hakuja nyumbani.

Sitaandika mengi hapo. Niseme tu kwamba tulirudi kutoka hospitali mikono mitupu, tukakuta vile vitu vimepangwa kitandani vinatusubiri. Advera alivigawa vyote mwenyewe bila kuniuliza. Lilibaki beseni. Akaanza kulowekea nguo chafu, na hakuna aliyelisemea neno.

Mimba ya pili ilipokuja, alinikalisha sebuleni. Akaniambia, "Baba, safari hii ndani ya nyumba hii hakiingii kitu cha mtoto mpaka mtoto alie. Kwetu tunafanya hivyo na mama yangu alifanya hivyo. Nikubalie."

Nikakubali. Wale wa huku mnaelewa. Wazee wengi hawapendi mtoto aandaliwe kabla hajafika, na hata vijana tunaojifanya tumesoma, ikifika zamu yetu tunanywea.

Sasa tatizo ni mimi. Mimi nikiwa na hofu siwezi kukaa kitako. Wenzangu huwa wanasali au wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi lazima nishike nyundo.

Nikakaa nikayarudia maneno yake. Amesema *ndani ya nyumba hii*. Hakusema kwa fundi.

Nikaenda kwa rafiki yangu Deo, seremala, karakana yake iko karibu na stendi. Nikamwambia nataka kutengeneza banda la sungura. Nitakuja jioni nikitoka kazini, mbao nanunua mimi, yeye anisimamie tu.

Deo akachukua penseli sikioni. "Sawa mkuu. Mlango uwe wapi?"

"Halina mlango. Juu wazi."

"Sungura ataruka."

"Hawa hawaruki."

Akachora. Nikamwambia fito zisogeleane, kopo la soda lisipite katikati. Nikamwambia kila mbao ipigwe msasa mpaka iteleze, kona zote ziwe mviringo, na vanishi tutakayopaka iwe ya maji, isiyo na harufu kali. Hapo Deo akaweka penseli chini akanitazama.

"Hao sungura wako wana ngozi laini, eeh?"

"Sana."

"Basi mimi sijauliza kitu," akasema, akaanza kupima.

Ndivyo nilivyoanza. Kila jioni nikawa napiga randa pale. Nilijifunza pia kutengeneza midoli ya kuning'iniza juu ya kitanda. Nilisuka ndege kwa majani makavu ya mgomba, wale wa kufunga na kukaza. Ukweli wanafanana na kuku waliolowa mvua, ila wakining'inizwa wanazunguka vizuri. Vyote vikabaki kwa Deo, juu ya rafu, vimefunikwa na gunia.

Kosa likaja kwenye rangi.

Rangi siyo kitu cha mtoto, si ndiyo? Rangi ni rangi. Tulikuwa na chumba kidogo cha pembeni tulichokuwa tunawekea magunia ya kahawa. Nikatoa kila kitu, nikafagia, nikapiga deki, nikaziba nyufa. Advera akiwa kwenye fremu yake, nikapaka kijani kile cha jani changa la mgomba. Nilitaka ipakwe mapema ili harufu iishe, dirisha wazi kutwa. Halafu nikakata kiazi nusu, nikakichonga umbo la jani la kahawa, nikawa nachovya kwenye rangi nyeupe nagonga ukutani. Majani yakazunguka chumba kizima.

Wakuu, hiyo ya kiazi jaribuni. Wallpaper ya masikini, lakini inapendeza.

Advera akarudi. Akafika mlangoni pa chumba, akashika nyonga kama wanavyofanya wajawazito, akatazama.

"Chumba cha nini hiki?"

"Stoo," nikasema. "Nimekisafisha tu."

"Stoo yenye majani."

Nikainama kuokota kile kiazi. Akaenda kuinjika ndizi.

Siku chache baadaye akaniambia anataka kwenda Rugu kwa mama yake, akae huko mpaka ajifungue. Akafungasha nguo zake. Cherehani yake ndogo ya mkono nayo akaibeba.

Wakuu, pale nilikufa ganzi. Mtu anayekwenda kusalimia habebi cherehani. Nikaona nimevunja neno, nimemkumbusha kile kitanda chenye nguo za mtoto asiyekuwepo, na sasa ameondoka na moyo wake ili asiniangalie. Nikasindikiza begi mpaka kwenye gari.

Na kibaya zaidi, nikaanza kufikiri na mimi kama wazee. Je, ikitokea tena? Nitasema ni zile rangi? Nikawa naingia kile chumba natamani kukipaka chokaa upya. Mara mbili nilishika brashi. Nikashindwa.

Kila mwisho wa wiki nikawa nakwenda Rugu. Naposhuka bodaboda nasikia cherehani inalia chumba cha nyuma. Nikipiga hodi, cherehani inanyamaza. Mlango wa nyuma unafungwa. Advera anatoka, ananisalimia, tumbo mbele, anakaa mbali kidogo. Tunaongea habari za kahawa na za mvua.

Mwisho nikajikaza nimuulize mama mkwe. Mnajua kwetu mambo ya mama mkwe. Humtazami usoni, na maneno unayachagua. Nilikaa kwenye kigoda barazani nikitazama migomba.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, waitu," akaitikia kwa lile neno letu la heshima.

"Mama, naomba kuuliza. Advera ana hasira na mimi?"

Nikasikia anasogeza sahani.

"Mwanangu," akasema, "kula ndizi zitapoa."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nikala ndizi na maharage, zikawa chungu mdomoni, nikarudi Rubwera.

Sasa ile siku.

Nilipigiwa simu asubuhi kwamba uchungu umeanza na wameshafika hospitali. Sikumbuki niliaga vipi ofisini. Nilifika nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi nje ya wodi, rozari mkononi. Nikakaa upande wa pili wa benchi, nafasi kubwa katikati kwa heshima. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nikifika mwisho naanza upya. Kila nesi akitoka nasimama, akipita nakaa.

Muuguzi akaja akamwita mama mkwe. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Nilibaki pale peke yangu, wakuu, na nikiri kwamba sikusali. Nilikuwa naliona lile beseni la bluu tu.

Kisha nikasikia mtoto analia. Lakini wodi ina watoto wengi, utajuaje ni wako?

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake, akanitazama usoni.

"Amelia," akasema. "Ni msichana. Mama yake mzima. Sasa nenda kafunge banda lako la sungura."

Nilikaa chini sakafuni. Sioni aibu kusema, nililia pale mbele za watu, na mama mkwe akanifunika mabega kwa kanga yake.

Baadaye ndiyo nikajua. Mke wa Deo kwao ni Rugu. Habari za sungura wa ngozi laini zilifika kule kabla hata vanishi haijakauka.

Baada ya kumuona mke wangu na binti yangu, nilirudi Rubwera. Deo aliniona nashuka kwenye gari, hakuuliza, akaanza kufunua gunia. Tukabeba vipande mpaka nyumbani, tukafunga skrubu, nikatundika ndege wangu. Deo akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho kwenye majani ukutani. "Hata mimi ningelala humu," akasema.

Kilikosekana godoro tu. Nilipanga kununua kesho yake.

Siku wanarudi, Advera aliingia kwanza, mtoto kifuani, mama yake nyuma na furushi kubwa kichwani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Akapitiliza moja kwa moja mpaka chumba cha pembeni. Akasukuma mlango kwa bega.

Akatazama kitanda. Akatazama wale kuku wangu wa majani ya mgomba. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "fungua furushi."

Mama mkwe akalitua, akafungua. Ndani kulikuwa na godoro dogo lenye kava la kitenge, pazia la dirisha, chandarua cha kushonwa kwa mkono, na kablanketi ka vipande vya vitambaa kenye ndege. Ndege wake wanafanana na ndege.

Nikamwambia, "Mimi nilidhani umenikimbia kwa sababu ya ile rangi."

"Nilipoona rangi nilijua umeshaanza," akasema. "Nikasema na mimi nisiachwe nyuma. Lakini niliapa kitu kisiingie ndani ya nyumba hii. Ningeshonea wapi kama siyo kwa mama?"

Kumbe mlango uliokuwa unafungwa nikifika ulikuwa wa kunificha godoro!

Tukaliweka kitandani. Likazidi. Yaani limetokeza mwisho linaning'inia kama ulimi. Mimi nilipima kwa futi ya Deo, Advera alipima kwa kukisia kwa mkono wake, na hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake. Deo alipokuja na mbao na msumeno kurefusha kitanda alisema tu kwamba alishajua sungura huyu atakuwa mrefu.

Sasa wewe uliyeuliza wiki iliyopita, ushauri: paka mapema harufu iishe, piga msasa mpaka unapodhani imetosha halafu piga tena, usiweke kitu chochote cha kuning'inia mtoto anapoweza kukifikia. Hayo ni ya mikono.

La moyoni ni hili. Mimi na mke wangu tulikuwa na hofu moja na tumaini moja, ila kila mmoja alivificha kwenye karakana yake akidhani yuko peke yake. Mila ya wakwe zangu siidharau, tumeifuata mpaka mwisho na nashukuru. Lakini hata kama hamleti kitu ndani, ongeeni. Ningeongea, ningelala usingizi miezi ile, na godoro lingeenea.

Nyie wenzangu, kwenu mlijiandaa kabla au mlisubiri alie? Na mlipoogopa, mlimwambia nani? Nitasoma zote, hata za kunicheka kuhusu wale kuku.

Naishia hapa maana naitwa. Mama mkwe anataka maji ya vuguvugu ya kumuogesha mtoto. Nilitaka kukimbilia dukani kununua beseni jipya, Advera akanizuia. Amelitoa lile la bluu uani, amelisugua kwa mchanga na sabuni mpaka linang'aa, na sasa hivi analiingiza ndani mwenyewe.