Mizeituni ya Nola

Ukitaka kumkasirisha Arvil Stamper, ilitosha kumwambia kwamba msitu ukiachwa wenyewe hujitunza. Angekushika mkono, akupandishe kilima nyuma ya nyumba yake, akuonyeshe. "Msitu ulioachwa ni kama mwanamume aliyekimbiwa na mke," angekuambia. "Kwa mbali unaona ndevu nzuri. Sasa msogelee."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ekari mia na sitini alizorithi katika vilima vya mashariki mwa Kentucky zilikuwa zimefyekwa mara mbili kabla hajazaliwa, na kilichoota baadaye kilikuwa kiza kitupu: miti myembamba iliyosongamana, isiyo na tunda wala kivuli cha maana. Baba yake alizeeka bila kumwona bata mzinga wa mwituni hata mmoja. Arvil alifanya kazi mgodini miaka ishirini na sita, na kila Jumamosi ya miaka hiyo, wenzake wakiwa wamelala, yeye alikuwa kilimani na msumeno wa moto. Aliangusha miti isiyo na faida ili mialoni ipate jua na kuzaa kokwa. Mingine aliikata nusu tu, ikalala chini ikiwa hai, ili kulungu wapate pa kujificha na vitawi vya kutafuna wakati wa theluji. Kila mwisho wa kipupwe alichoma kipande kimoja cha majani makavu, taratibu, upepo ukiwa mpole, nyasi mbichi zikaota mahali pake.

Miaka ya themanini serikali iliwaachia huru bata mzinga wachache katika bonde la pili. Baada ya miaka mitatu dume la kwanza lililia juu ya kilima cha Arvil alfajiri moja ya Aprili. Alikimbia na soksi tu miguuni mpaka nyumba ya jirani kumwamsha dada yake, Nola, aje asikie. Nola alitoka na blanketi mabegani. Walisimama uani wawili hao, watu wazima na akili zao, wakilia machozi kwa sababu ya kuku wa porini.

Nola alikuwa ameolewa na Hobart Sizemore, na mpaka wa mashamba yao ulikuwa mgongo wa kilima. Zamani, mwaka 1974, kabla ya bata mzinga kurudi, watu wa serikali waligawa bure miche ya kichaka kilicholetwa kutoka Asia. Majani yake ni ya fedha upande wa chini, matunda ni mekundu na madogo madogo, na watu walikiita mizeituni ingawa si mizeituni. Walisema wanyama watashiba. Arvil alichukua mafungu manne. Mawili alipanda kwake. Mengine alimpelekea dada yake, wakayapanda pamoja juu ya mgongo wa kilima, upande wa Hobart, mistari miwili mirefu. Arvil alichimba mashimo, Nola akaweka miche na kukandamiza udongo kwa kisigino.

Ile mizeituni ilimpenda Nola, au Nola aliipenda, mimi sijui nani alianza. Mwezi wa tano ilichanua maua ya rangi ya maziwa, harufu yake ikashuka kilima mpaka dirisha la jiko. Mwezi wa tisa alichuma matunda akapika jemu. Hobart alilalamika kila mwaka na kila mwaka alikula.

"Shemeji, umeniponza," alikuwa akimwambia Arvil. "Umempa dada yako kichaka, sasa mimi nakula jemu asubuhi, nakula jemu mchana, Jumapili nikienda kanisani nakuta jemu imenitangulia."

Basi ndege nao walikula. Walikula matunda, wakaruka, wakadondosha mbegu, na ndege hasomi hati ya shamba. Miaka ishirini baadaye kichaka kilikuwa kimeziba kila uwazi ambao Arvil aliufungua kwa jasho lake. Chini yake nyasi zilikufa. Kifaranga wa bata mzinga anaishi kwa wadudu wa kwenye nyasi, na anahitaji pa kupenya kwa vile vijiguu vyake. Mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya tisini Arvil aliona majike saba wakipita na kifaranga hata mmoja hayupo kati yao. Aliketi juu ya gogo, akajua ni nani aliyefanya hivyo. Ni yeye, kwa mikono yake miwili. Mchuma janga hula na wa kwao.

Serikali nayo ikabadilisha wimbo, ikaleta karatasi zinazosema kichaka kile king'olewe. Arvil hakungoja kuambiwa mara mbili. Kwa miaka tisa alikata vya kwake, akapaka visiki dawa ya kuua magugu, na kila kiangazi vikaota vingine. Msichana mmoja mpole wa ofisi ya misitu, Kendra Caudill, alimwonyesha sababu.

"Mzee Arvil, utakata mpaka uzikwe," alisema, akinyoosha kidole juu. "Mama yao yuko pale mpakani. Akiwa hai, watoto hawataisha."

Wakati huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Nola afariki. Kansa ilimmaliza kwa miezi mitano. Kila Mei Hobart alipanda kilima na kiti cha kukunja, akakaa katikati ya mistari ile miwili wakati wa maua, saa nzima, wakati mwingine mbili. Arvil alimwona. Hilo nalisema mapema ili mtu asije kumtetea kwamba hakujua.

Alikwenda kumwomba.

"Shemeji, ile mizeituni."

"Hapana."

"Hujasikia nataka kusema nini."

"Umesema mizeituni. Kila ukija hapa ni mizeituni. Hata kuniuliza nimeamkaje huulizi tena."

"Umeamkaje?"

"Vibaya. Na mizeituni haikatwi."

Arvil alimweleza habari ya vifaranga, nyasi na mbegu, kwa upole aliokuwa nao. Hobart alimsikiliza mpaka mwisho, akikuna goti.

"Nimekuelewa," alisema. "Mimi si mjinga. Nikishakufa njoo na msumeno wako, hata jeneza likiwa bado mlangoni, sitanyanyuka kukuzuia. Lakini ningoje, shem. Nina miaka sabini na tisa, hata hesabu yenyewe haitakuchosha."

Lilikuwa ombi dogo, na lilistahili kupewa. Lakini Arvil alikuwa na sabini na sita, magoti yameliwa na mgodi, kifua kinapiga filimbi usiku. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kuuona msitu wake ukiwa na vifaranga tena kabla hajafumba macho. Alianza kumwona shemeji yake kama mtu aliyekalia uhai wake. Mtu akifika hapo, ubaya haumpigii hodi tena. Unajifungulia mlango.

Novemba ya mwaka uliofuata Hobart aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Walimpeleka hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili, na ikasemekana atakaa huko wiki tano mpaka ajifunze kutembea upya. Kabla ya gari kuondoka alimpa Arvil funguo za geti.

"Ng'ombe ni wawili tu, na mbwa," alisema. "Niangalizie kwangu, shemeji."

Siku ya nne, akiwa amemaliza kuwapa ng'ombe nyasi, Arvil aliinua macho kilimani. Majani yalikuwa yamepukutika miti yote isipokuwa mizeituni, maana hiyo huchelewa. Ilisimama pale na kijani chake, mstari mzima. Alikwenda nyumbani kuchukua msumeno.

Mkewe, Lorene, alimwona akijaza mafuta. "Hobart amekubali?"

"Atashukuru madume yatakapolia."

"Sikukuuliza hivyo, Arvil."

Alifunga kifuniko cha mafuta, akapanda kilima. Kazi ilimchukua siku sita. Alikata, akapaka dawa kila kisiki kwa brashi, dawa iliyochanganywa na rangi ya bluu ili asiruke hata kimoja. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Siku ya mwisho, akirundika matawi, alikuta mahali fulani mashina mawili yameota kwa kusukumana, kwa sababu Nola alikuwa ameweka miche miwili katika shimo moja na kucheka aliposutwa. Alikumbuka hilo vizuri. Akapaka dawa, akaenda kisiki kinachofuata.

Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumchukua Hobart hospitalini, kabla ya Krismasi. Njiani mgonjwa alikuwa na maneno mengi, akisimulia nesi mmoja aliyemwita "mpenzi" kila anapomchoma sindano. Pikapu ilipokunja kona ya mwisho, kilima kikaonekana chote. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo, na juu mpakani kulikuwa na mstari wa vidoti vya bluu.

Hobart aliinamia kioo kuvitazama. Waliingia getini, Arvil akazima injini.

"Yote?" Hobart aliuliza.

"Yote."

"Na dawa umepaka?"

"Nimepaka."

Hobart alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu alichokwishakivunja. "Nisaidie kushuka," alisema.

Arvil alimwomba radhi kesho yake, lakini alimwomba vibaya. Alianza na samahani, akaishia kwenye vifaranga. Hobart alikuwa amelala kwenye kochi na magongo pembeni. "Sawa, Arvil," alisema, na tangu siku hiyo hakumwita shemeji. Hakumnunia, wala hakuacha kumpungia mkono barabarani. Mei ilipofika, kile kiti cha kukunja hakikutoka ghalani. Ukipenda boga, hupenda na ua lake, na Hobart alikuwa amebakiwa na ua peke yake, nalo sasa limekatwa.

Nyasi ziliota mpakani mwaka ule ule. Mwaka wa pili, Juni, Arvil alihesabu vifaranga kumi na mmoja nyuma ya jike mmoja, wakipita kwenye visiki vilivyokwisha kupauka. Kitu alichokisubiri miaka kumi na tano kilikuwa mbele ya macho yake. Alikitazama mpaka kikaingia porini. Hakuwa na mlango wa kukimbilia na soksi.

Mei iliyofuata Kendra aliwaleta wenye misitu wapatao arobaini kutoka wilaya za jirani waje wajifunze kwa Arvil. Mambo haya hufanyika huko kila mwaka: watu hutembezwa kilimani, huuliza maswali, kisha hula maharage na mkate wa mahindi. Nafasi ya magari haikutosha, Kendra akaomba malisho ya Hobart bila kujua lolote. Hobart akampa. Halafu, jambo ambalo Arvil hakulitegemea, alivaa kofia akajiunga na wageni, akapanda nao kilima kwa fimbo, nyuma kabisa.

Arvil alionyesha mialoni yake, uwazi wake, miti yake iliyolazwa. Alisema vizuri, maana kwa mambo ya msitu ulimi wake ulikuwa mwepesi. Walipofika mpakani aliharakisha, lakini bwana mmoja mnene aliyekuwa akiandika kila kitu alimsimamisha.

"Hapa ndipo ninapokwama mimi," alisema. "Kwangu nimesafisha, jirani hataki kabisa. Wewe ulimfanyaje jirani yako mpaka akakubali?"

Watu walicheka kidogo, wakangoja. Arvil alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa maneno manne au matano, na angeyasema angekuwa amefanya jambo moja la haki tangu ule mwezi wa Novemba. Alitazama visiki. Alimtazama Kendra.

"Jirani ni mimi," Hobart alisema kutoka nyuma. Watu wakageuka. Alikuwa ameegemea fimbo, anahema kwa sababu ya mlima. "Aliniomba, nikamkubalia. Ndiyo hivyo tu."

"Hao ndio majirani tunaowataka," alisema Kendra, na watu wakapiga makofi.

Walipoanza kushuka kwenda kula, Arvil aliwaacha, akamfuata Hobart aliyekuwa amekamata njia ya kwake. Alimpata kwenye geti.

"Kwa nini umesema vile?"

Hobart alikuwa akihangaika na komeo, hakumtazama.

"Ulikuwa umekwama mbele za watu," alisema. "Nola asingependa kukuona vile. Ulikuwa kaka yake, Arvil. Alikupenda sana."

"Hobart. Nilipaswa kungoja."

"Ulipaswa."

Alifunga geti taratibu, akaenda zake akichechemea kupita katikati ya magari ya wageni. Arvil alisimama pale, mkono juu ya chuma. Angetukanwa, angepata cha kujibu. Angeshitakiwa, angelipa. Aliachwa na kitu kisicholipika, na nyuma yake, kutoka upande wa nyumba yake, mtu alikuwa akimwita arudi chakula kinapoa, kuna maswali mengine.