Nilivyopiga msasa mandolini ya mzee kabla ya kuchungulia ndani

Wakuu, salaam aleikum. Nayaandika haya kama yalivyotokea, hata pale nilipokosea sijapunguza kitu.

Mimi ni seremala hapa Ukunda, kazi yangu nyingi ni vitanda na viti vya mahoteli ya Diani.

Mwaka jana alinijia Mzee Bakari wa Msambweni, aliyekuwa akipiga mandolini, ala ya nyuzi kama gitaa dogo, kwenye taarab za harusi. Vidole vyake vimekufa ganzi, hawezi tena. Ala hiyo aliachiwa na Mtaliano ambaye mzee alikuwa mtunza bustani wake. Sasa muuza vitu vya kale mmoja wa Diani aliitaka, mzee akaniomba niing'arishe ipate bei.

Nikaanza na msasa. Nilikuwa nimeshakwangua sehemu ya uso wake, upana wa kiganja, vumbi likaingia kwenye tundu la sauti. Nikamulika na tochi ya simu nilitoe, ndipo nikaona lebo: jina la Kitaliano, chini yake mtaa wa New York.

Nikasimamisha kazi, nikaingia Google.

Kumbe mafundi wengi wa Kitaliano walihamia Marekani na ufundi wao. Wengine walitengeneza za kawaida tu, za kuuza kwa wingi. Wengine, kazi safi kweli. Jina peke yake halitoshi. Unahesabu vipande vya mbao vya mgongo, maana vikiwa vingi na vyembamba ndiyo kazi safi, unaangalia kama shingo imenyooka na uso haujabonyea.

Hii ilikuwa na vipande vingi, vyembamba. Nilihesabu mara tatu.

Nikatuma picha, na bei ya yule wa Diani, kwa fundi wa ng'ambo anayezikarabati. Akajibu kwamba ni kazi nzuri, si ya kukutajirisha, lakini yaizidi mbali bei hiyo. Kisha akauliza ni nani aliyekwangua vanishi ya asili, maana hapo thamani imeshuka.

Siku mbili sikupokea simu za mzee.

Ya tatu nikaenda Msambweni. Nikamwamkia, nikamwonyesha pale nilipokwangua, nikamweleza yote.

Akalipapasa lile doa. "Ungeninyamazia, mimi nisingejua."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Akanirudishia mandolini. "Basi itafutie mnunuzi wewe. Yule wa Diani naye alimulika ndani, akasoma, asiniambie kitu."

Ilichukuliwa na mwalimu wa muziki wa Mombasa, kwa bei ya haki, na nilimwonyesha lile doa mwanzo.

Nilichojifunza: kitu cha zamani kichunguze kwanza, msasa baadaye. Na ukiharibu, sema.

Wenye mandolini au udi wa marehemu babu nyumbani, chungulieni mtuambie mmesoma nini. Mafundi, nikosoeni.