Hereni ya Kemunto

Sisi tuliokua huku milimani kabla simu haijaingia katika kila mfuko, tulikuwa na madaktari wetu, na wengi wao walikuwa nyanya zetu. Haya nawaandikia wenzangu wa rika langu, wa Kisii na Nyamira, mnaoijua baridi ya alfajiri katika majani chai na harufu ya moshi kwenye sweta ya shule. Masomo niliyaachia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mahali mtanivumilia. Na kama wewe unakumbuka jambo tofauti na nilivyoandika, huenda wewe ndiye uko sahihi.

Tulikuwa tunachuma safu mbili za chai kabla ya shule, umande ukitulowesha mpaka magotini. Mwalimu akikagua kucha asubuhi hakuweza kujua uchafu ni upi na utomvu wa chai ni upi, basi alitupiga sote, tukawa sawa. Nyumbani kulikuwa na ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, iliyolala chunguni na maziwa siku mbili hadi uchungu ukaishiwa nguvu. Saa nane mchana mvua ilikuja kama mtu aliyeajiriwa. Ikikatika, tunapanda kilima, kila mmoja na ganda la mgomba, tunakalia, tunateleza hadi kwenye kijito tukipiga kelele. Mama akiona nyuma ya gauni langu alikuwa anauliza, "Moraa, leo umelisha gauni nini?" Watoto wa leo wanateleza kidole tu kwenye kioo cha simu. Sisemi ni vibaya. Angalau hawachani nguo.

Lakini nilitaka kusema juu ya Magokoro. Sisi Wakisii ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba yangu, jiko lake likiwa hatua ishirini kutoka nyumba yetu. Shingoni alikuwa na vinyama vidogo vidogo, laini, vinavyoning'inia kama punje za mtama. Akikubeba mgongoni unavichezea mpaka usingizi unakuchukua. "Wacheni hivyo," alikuwa anasema. "Ni vya uzee. Ngojeni, mtapata vyenu." Na kweli nimepata vyangu. Sasa hivi nikiandika navigusa.

Vyake hakuvitoa, ila vya watu wengine alitoa. Jumapili walikuja mpaka kutoka Keumbu, akina mama ambao kinyama cha shingoni kilikuwa kinakwaruzwa na kamba ya kikapu. Magokoro alikuwa anachemsha unywele wa mkia wa ng'ombe kwenye sufuria ndogo isiyopika kitu kingine, ananawa mikono mara mbili, anakifunga kinyama kwenye shina lake. Baada ya wiki moja hivi kilikuwa kimekauka na kuanguka chenyewe. Sitaki kusema hakuna aliyewahi kuumia, kwa sababu walioumia pengine hawakurudi kutuambia.

Kitu ambacho sisi watoto hatukukizingatia ni kwamba nusu ya watu aliwakataa. Alikuwa anamvuta mtu mlangoni penye mwanga, anabinya kwa vidole viwili, anaangalia. "Hiki ni cheusi na umesema kinakua. Hospitali." "Hiki kiko kwenye kope, sikigusi." "Hizi ni sunzua, zinaambukiza, si kazi yangu." Mtu alikuwa amepanda mlima mzima, anarudi hivyo hivyo. Sisi tulitazama anavyofunga. Anavyokataa tuliona ni kama uchovu wa wazee.

Sasa mdogo wangu Kemunto alizaliwa na kinyama mbele ya sikio la kulia. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, rangi ya ngozi yake, hakimuumi. Nyumbani hatukukiona tena, kama vile huoni pua yako. Ila sisi ni Wasabato, na mnajua kwetu mapambo hayaingii kanisani. Kemunto akiwa na miaka sita, alipoanza kuimba na watoto wenzake, wasichana wawili wa safu ya nyuma walikigundua.

"Haiya! Msabato gani huyu anavaa hereni?"

"Hereni ya nyama! Kemunto, vua haraka, mchungaji anaingia!"

Lazima niseme ukweli, mara ya kwanza hata mimi nilicheka. Ilikuwa inachekesha. Lakini wiki ya tatu Kemunto alianza kuimba ameziba sikio kwa mkono, na mwalimu wa kwaya anamwambia mikono chini, anaishusha, inapanda tena. Na alikuwa amechaguliwa kuimba ubeti mmoja peke yake Sabato ya wageni. Akaanza kusema anaumwa tumbo kila Ijumaa jioni.

Mama akampeleka kwa Magokoro. Nilikuwepo, nimeshika mlango. Magokoro akambinya pale kwa vidole vyake viwili, akarudia, akamwachilia.

"Hiki hakifungwi," akasema. "Amezaliwa nacho, na ndani kina kamfupa. Mwacheni mtoto. Wafungeni midomo hao wanaomcheka."

Kemunto alilia mpaka akalala. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mtu wa miaka kumi anadhani kila kitu kinashindikana kwa sababu wakubwa hawajajaribu kwa bidii.

Jumatatu iliyofuata, Magokoro akiwa shambani, niliingia jikoni kwake. Unywele wa ng'ombe sikupata. Nikaona gunia la mbolea ya chai alilokuwa anakalia, na sote tulijua uzi wa gunia lile haukatiki. Ndio tuliofungia mipira, kuku na hata suruali. Nikachomoa uzi mmoja wa nailoni, nikamwita Kemunto nyuma ya jiko.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. "Ukisema, hakitaanguka."

"Hata Mama?"

"Hata Mama."

"Hata Yesu?"

Nilifikiri kidogo. "Yesu anajua tayari."

Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Aliuma mdomo, hakulia. Sikuchemsha uzi, sikunawa mikono, na sasa najua vumbi la mbolea lilikuwa bado limo.

Jumatano sikio lilikuwa limevimba na kung'aa kama nyanya iliyoiva. Tulilificha kwa kitambaa cha kichwa. Alhamisi mchana Kemunto alianza kutetemeka mwili mzima akiwa darasani. Baba alimbeba mgongoni, akakata katikati ya chai na mvua ikinyesha mpaka zahanati, na kule wakakata uzi, wakamdunga sindano. Nusu ya kinyama ilikuwa imeoza, nusu imebaki. Sabato ya wageni Kemunto alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji. Ubeti wake uliimbwa na mmoja wa wale wawili. Aliimba vizuri, siwezi kumnyima hilo.

Jioni ile ya Alhamisi Baba alisimama mlangoni kwa Magokoro, maji yakimtiririka. Sisi wote tulikuwa tumekaa kuzunguka moto.

"Nani amemfunga mtoto wangu?"

Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sikusema neno. Nilimtazama Magokoro tu. Lakini nilimtazama kwa namna ambayo Baba naye aligeuka akamtazama.

Magokoro aliniangalia kwa muda. Kisha akaangalia gunia alilokuwa amekalia, pale kwenye pindo palipochomolewa.

"Uzi umetoka jikoni kwangu," akasema.

Hakudanganya, mnaona. Na hakunitaja. Hata Mama, aliyemsikia akikataa, akadhani baadaye alibadilisha nia.

Baba akamwambia mama yake mzazi, mbele yetu, "Mama, kuanzia leo usiguse mwili wa mtu tena katika boma hili." Simlaumu Baba. Alikuwa ametoka kubeba mtoto anayewaka homa mgongoni, na alifikiri angemrudisha maiti.

Baada ya hapo, waliokuja Jumapili Magokoro aliwarudisha kutoka njiani. Alikaa juu ya gunia lake akichambua maharage. Na nyumbani pakazaliwa msemo. Ukitaka kufanya kitu usichokijua, mtu anakuambia, "Wewe, usifanye kama Magokoro." Tulicheka nao, tukakua nao, tukawapa watoto wetu. Magokoro alifariki msemo ukiwa hai. Baba naye amekwenda bila kujua. Mimi nilikuwa nasema nitasema kesho, na kesho zikawa miaka arobaini.

Mwezi uliopita Kemunto alinipigia simu nije kwake Kisii. Anauza nguo za mitumba soko la Daraja Mbili, na shingo yake sasa imeota vinyama kama vya Magokoro, vinne vitano hivi, ukanda wa mfuko wa pesa unavisugua kutwa nzima. Nilimkuta na binti yake Kwamboka, yuko chuo, ana simu mkononi kama kidole cha sita.

"Mathe, hii ni kitu ya dakika mbili tu," Kwamboka anamwambia mamake. "Hapa wanasema paka siki. Huyu anasema dawa ya meno. Ama tufunge na uzi, bora tu tusifanye kama Magokoro!"

Akacheka. Hakuwahi hata kumwona. Kemunto hakucheka, na mimi nilihisi uso umepata moto kama niko mbele ya jiko lile.

"Twende kliniki," nikasema. "Nitakusindikiza."

Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa Kwamboka na kidogo, lakini mpole na anaeleza mpaka uelewe. Alisema hivyo vya shingoni ni nyama na ngozi tu, havina ubaya, haviambukizi. Vinapenda mahali ngozi inaposuguana, shingoni, kwapani, chini ya matiti. Umri unavileta, na unene, na mimba, na kwa wengine ugonjwa wa sukari, kwa hivyo akampima Kemunto sukari pia, ikawa sawa. Mtu anaweza kuviacha maisha yake yote. Anayevitaka vitoke, anatiwa ganzi, vinakatwa kwa mkasi safi, au vinagandishwa kwa baridi kali, au vinachomwa. Ila kinachobadilika rangi, kinachokua haraka au kutoka damu chenyewe, kionwe kwanza. Na kufungia nyumbani, alisema, hapana.

Nikawa nasikia sauti mbili, yake na ile ya Magokoro.

Kisha akaona kovu la sikioni, na kile kipande kilichobaki.

"Na hapa? Walikufunga uzi ukiwa mdogo?" Alikuwa tayari anaandika. "Ni nyanya, sivyo? Hawa nyanya zetu walituharibia watu."

Kemunto aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama tu, na mimi nikajua mtazamo ule, kwa sababu ulikuwa wangu.

"Si nyanya," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nyanya alikataa. Alisema amezaliwa nacho na ndani kina kamfupa. Ni mimi niliyefunga, na uzi wa gunia la mbolea. Nyanya alibeba lawama."

Daktari aliacha kuandika. Akavaa glavu, akabinya pale kwa vidole viwili, vile vile.

"Alikiona kwenye mashine gani?"

"Kwa vidole."

"Basi alikuwa sahihi. Hiki si kama hivi vya shingoni. Ndani kuna gegedu, ile mifupa laini ya sikio. Hata mimi sikigusi hapa, ni cha daktari wa upasuaji." Akaangalia alichokuwa ameandika, akapiga mstari, akaandika tena.

Vya shingoni vilitoka kabla chai yangu ya hospitali haijapoa. Tulipotoka nje nilimuuliza Kemunto kwa nini hakusema miaka yote hii, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki.

"Si uliniambia nikisema hakitaanguka?" akasema. Akagusa kile kipande. "Na kweli bado nusu. Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilishaanza kudhani utanizika kwanza."

Akacheka hadi akashika plasta za shingoni. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta leso.

Jioni Kwamboka akatupokea mlangoni. "Sasa, Mathe, hawajakufanyia kama Magokoro?"

Nikamwambia aketi. Nikamweleza yote, na uzi, na mtazamo. Aliweka simu chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Lakini Anti, kwa nini hukusema tu?"

Enzi zetu mtoto hangemuuliza mkubwa hivyo. Na sina hakika enzi zetu ndizo zilikuwa bora katika hilo, kwa sababu kama mtu angeniuliza hivyo jioni ile kando ya moto, labda ningesema. Wao wanauliza. Sisi tulinyamaza, tukaita heshima. Lakini sisi tulikuwa na mzee wa kukubinya kwa vidole viwili na kukurudisha nyumbani. Wao wana nyanya anayekaa ndani ya simu, anajua kila dawa, na sijamsikia akimwambia mtu hata mmoja, "Hiki sikigusi."

"Kwa hivyo tuseme aje sasa?" Kwamboka akauliza.

"Mseme, usifanye kama Moraa."

"Haisound poa, Anti."

"Mtazoea."

Jana nilikuwa kwetu Nyamira, nimekaa nje na beseni la ndizi. Wajukuu wa kaka yangu walikuwa nyuma ya jiko na kifaranga aliyevunjika mguu. Mmoja akachomoa uzi wa gunia.

"Wacha!" mwenzake akapiga kelele. "Usifanye kama Moraa!"

Wakakumbuka niko pale. Wakanichungulia wote wawili kutoka pembeni mwa ukuta.

Nikawaambia wamlete kifaranga mwangani nimwone. Kisha nikanawa mikono, mara mbili.