Kura ya Orpha Lathrop

Orpha Lathrop alizika mume na mabinti wawili katika ardhi ile ya Iowa, na kutoka mlangoni kwake mpaka kwa jirani wa karibu ilikuwa maili nne za nyasi tupu. Wakati wa baridi aliweza kumaliza wiki tatu bila kusema neno ila na ng'ombe wake. Sisemi hivi ili umwonee huruma. Alikuwa mwanamke mkali, na mikate yake ilikuwa migumu kama tofali.

Aliyebaki naye ni mwanawe, Lyman, na huyo naye akaenda kufanya kazi kwenye ghala la reli, kwenye mizani. Si jambo dogo. Nauli ya kusafirisha mahindi ilikuwa imepanda mpaka tukaona heri kuyachoma jikoni badala ya kuni, na yale machache tuliyopeleka Lyman aliyapima pungufu, kama alivyoagizwa. Ndipo tukaanzisha chama cha wakulima, wanaume kwa wanawake, tukaitana ndugu na dada, tukaapa kupigania sheria ya kuwabana wenye reli. Orpha alikuwa wa kwanza kula kiapo. Hakukosa mkutano hata mmoja. Alikuja na kigari chake katikati ya theluji, akakaa karibu na jiko, akasikiliza watu wakiongea. Nadhani angekuja hata kama tungejadili kunguni.

Aprili ya mwaka 1874 Lyman aliacha kazi ya reli, akarudi kwa mama yake, akaomba kuingia chamani. Nje ya chama mtu hakupata wa kumsaidia kuvuna wala kupura ngano. Akikataliwa, itabidi ahame.

"Haya, kikulacho ki nguoni mwako!" Enos Pettibone alipiga kelele alipomwona mlangoni. "Bwana Mizani, leo unapimwa wewe!"

Watu wakacheka. Lyman akatoka nje kungoja. Orpha hakucheka.

Kwetu kura ilipigwa kwa gololi. Unatia mkono sandukuni, unachagua nyeupe au nyeusi, unaiangusha upande wa pili bila mtu kuona. Nyeusi moja ilitosha kumkataa mtu. Sanduku nililishika mimi. Nilipofungua, nilikuta nyeupe thelathini na nyeusi moja.

Wote tukamgeukia Enos.

"Si mimi, jamani!" alisema. "Ulimi wangu mrefu, lakini kijana huyu namjua tangu ananyonya. Dada Orpha, naapa!"

Hakuna aliyemwamini, hata mimi, na naona aibu mpaka leo. Lyman tulimwambia tu kwamba amekataliwa, kwani hesabu ya kura ilikuwa siri ya chama. Kesho yake akaondoka kwa miguu kuelekea magharibi, bila kusema anakokwenda.

Wiki hiyohiyo Orpha akaja kwangu. "Ndugu Asa, ile nyeusi ni yangu."

Nilipandwa na hasira. "Mtu mzima wewe! Mwanao wa kumzaa?"

"Nilijua mtamkataa. Nani angesahau mizani ile? Nilidhani zitakuwa nyeusi kumi, kumi na tano, na yangu itapotea humo. Sikutaka kula kiapo halafu nipendelee damu yangu."

"Tulimsamehe kwa ajili yako, dada."

Mkutano uliofuata alisimama, akasema yote, akamwomba Enos radhi. Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo kiti cha pembeni yake kilibaki wazi, nami sikukikalia. Aliendelea kuja vilevile.

Miaka miwili ikapita ndipo ikaja barua kutoka Dakota. Macho ya Orpha yalikuwa yameingia ukungu, akaniletea nimsomee.

"Mama," Lyman aliandika, "nimepata shamba huku, sitarudi. Najua majirani wote walinikataa. Lakini najua pia kwamba ndani ya lile sanduku mlikuwa na nyeupe moja, ya kwako. Nikiikumbuka hiyo, napata nguvu ya kuamka asubuhi."

"Soma tena," alisema.

Nikasoma. Kisha nikachukua kalamu, nikamuuliza nimjibu nini. Alifikiri mpaka moto ukafifia jikoni.

"Mwandikie kwamba barua yake imefika."