Niliyepita Mlangoni

Enzi zetu beki hakuwa na sifa. Alikuwa na lawama. Hilo nililikubali tangu mdogo. Nisilolikubali ni la juzi, barazani, pale kijana aliyezaliwa sisi tushaacha mpira aliponinyooshea kidole akawaambia wenzake: "Ndiye huyu mzee aliyepita mlangoni, timu ikafungwa!" Wakacheka. Basi leo nasema.

Ubeki nilijifunza kichochoroni Mkunazini, hapa Unguja, kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Nyuma ya goli letu Bi Zuhura alikuwa akikaanga bajia. "Weye mtoto mrefu, simama hapo," alikuwa akiniambia. "Mpira ukiingia karaini, na weye nakukaanga!" Nikasimama. Moshi wa mafuta ukinichoma macho, mgongo ukiungua kwa jiko, na hapiti mtu. Jioni nikipewa bajia mbili kwenye kipande cha gazeti, za moto, zina pilipili ya kutoa machozi. Vijana wa leo wanafundishwa kukaba kwa kuzunguka vibao vya plastiki, na bado wanapitwa kama pazia.

Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Neno alilopenda mama lilikuwa, "Mkubwa ni jalala, mwanangu." Nikaacha shule darasa la sita, nikaenda Malindi bandarini kubeba magunia ya karafuu. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa wakisoma. Wa mwisho, wa kike, Riziki, alikuwa na miaka minne, na tangu mama kuondoka hakukubali kubaki na mtu ila mimi. Kwa hiyo nilipochukuliwa na timu ya mtaa, tulichukuliwa wawili. Nilikuwa nikienda naye begani, namkalisha kando ya goli juu ya shati langu na njugu zake, kisha nacheza peku, naye akinitazama. Hakuna mshambuliaji aliyekuwa akiniona mie mchezo.

Tukafika fainali, kucheza na timu ya mtaa wa Ng'ambo. Mganga wa timu akatoa sharti: siku hiyo asipite mchezaji mlangoni, wote waruke ukuta wa uwanja. Wenzangu wakaruka. Nikabaki chini na Riziki shingoni. Nahodha wetu, Makame, alikuwa amekaa juu ya ukuta kama jogoo.

"Panda bwana, unangoja nini?"

"Na mtoto?"

"Mrushe! Haji yuko upande huu, atamdaka."

Haji alikuwa kipa wetu. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta akipiga kelele: "Mlete, mlete, nshakaa tayari! Kwani nimeachia mpira gani mwaka huu?"

Riziki akanikaba shingo kwa kucha. Nikamwambia Makame, "Mdogo wangu si mpira." Nikazunguka, nikamwamkia mzee wa mlangoni, akaniitikia marahaba, nikapita kama watu wanavyopita.

Nilicheza siku ile kama nina karai nyuma yangu. Mipira miwili niliitoa kwenye mstari, mmoja kwa kichwa, mmoja kwa goti. Kipindi cha pili ukaja mpira wa kitoto, unadunda polepole, hata Bi Zuhura angeuzuia kwa upawa. Haji akaushika. Ukamponyoka, ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia. Uwanja mzima uliona. Tukafungwa moja bila.

Makame hakumtazama Haji. Alikuja kwangu. "Umetuvunjia dawa."

Na Haji, kwa mdomo wake, akasema: "N'lihisi mikono mizito tangu alipopita mlangoni."

Sikuitwa tena uwanjani. Ubeki wangu uliishia hapo. Jioni ile nilimkosha Riziki uso uliojaa mafuta, nikidhani ni ya bajia, nikamlaza, na asubuhi nikarudi kwenye magunia. Miaka yote hiyo harusini, msibani, sokoni, mimi ndiye niliyepita mlangoni. Haji alizeeka na heshima zake.

Juzi nikamsimulia Riziki maneno ya yule kijana. Sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alikuwa akichambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Kaka, ile dawa si walimpaka Haji mikononi kabla ya kuruka ukuta?"

"Dawa gani?"

"Mafuta. Alikuja golini kabla ya mchezo akanishika mashavu yote mawili akiniambia nisilie. Nikabaki nanata mpaka nyumbani, si ulinikosha weye mwenyewe?"

Mafuta! Wamempaka kipa mafuta viganjani, kisha wamenifukuza mimi! Na kwa mikono hiyo walitaka nimrushie mtoto wa mama yangu juu ya ukuta.

Siku hizi makipa wanavaa glovu na timu zinashuka kwenye basi lenye vioo vyeusi. Kichochoro chetu kina duka la vinyago, na jiko la Bi Zuhura halipo. Nayatamani yale, hata moshi wake. Ukuta wa uwanja nao ulishavunjwa, mlango ndio uliobaki, ndiyo maana wanaukumbuka. Ijumaa nikirudi msikitini nitapita pale barazani na Riziki. Kijana atampisha bibi akae, kisha ataambiwa ukuta ulikuwa na urefu gani, na mikono ya Haji ilipakwa nini.