Theluji ya Kasiani

Siku tuliyomaliza matanga ya kaka yangu Kasiani naikumbuka mpaka harufu ya moshi wake, mwanangu. Lakini ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianzia kwenye moshi nitalia tu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kasiani alikuwa seremala hapa Ifakara. Mwalimu mmoja Mzungu akampa kalenda yenye picha za Wajapani: theluji juu ya mapaa, daraja, mtu na mwavuli wake. Akamweleza kwamba picha hizo zilichongwa kwenye mbao, zikapakwa wino, zikagandamizwa kwenye karatasi. Theluji yenyewe haikupakwa kitu, ni karatasi tupu. Zilipofika Ulaya zamani, wachoraji wa huko walishangaa. Theluji walizaliwa nayo, lakini ndipo wakajifunza kuitazama.

Kaka akarudi nyumbani macho yanamwaka. "Dada, na sisi si tuna mafuriko? Maji ya mto Kilombero asubuhi ni meupe kabisa!"

Akachonga mbao za mninga masika yote. Mtumbwi, mama kajitwika mpunga, paa la nyumba yetu ya kijijini Mchombe. Maji akayaacha wazi. Watu walicheka, jamani! Baba mdogo akamuuliza, "Sasa hii utaimaliza lini?" Kasiani akatabasamu tu. Karatasi ya kwanza aliyoigandamiza akampa yule mwalimu, akaenda nayo kwao. Wino ukaisha; nyingine angezitoa mwingine ukipatikana.

Homa ikamchukua kabla ya wino.

Msibani kuni zikaisha, na mvua haikatiki. Baba mdogo akaingia karakana, akatoka na mbao zile, kavu kabisa. Nilipofika jikoni nikakuta mtumbwi unaungua chini ya sufuria ya wali. Nilipiga kelele, we! Akashangaa kweli. "Mwanangu, nilidhani ni kazi ambayo hakuimaliza." Naye alimpenda sana Kasiani. Hilo ndilo linaloniua, sina hata wa kumchukia.

Wali ule tuliula.

Sasa bonde letu la kwenye ile karatasi liko ukutani kwa mtu, nchi ya theluji, kama halijatupwa. Huku kwetu halipo.

Mwanangu, ukiona kazi ya mwenzako ina uwazi usiouelewa, muulize angali hai. Keti naye akueleze. Akishazikwa, uwazi huo utaujaza na nini? Mimi nimezeeka nautazama.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na mtu wa kukuuliza. Kasiani hakumpata.